Sultani Khalifa bin Harub na kilemba cha ukoka

KILA inapokaribia Januari 12, mjadala wa Zanzibar hufufuka katika baraza zetu. Uwe Magomeni, Mwananyamala, Temeke au Mbagala, hukosi kuwakuta watu wamekaa baada ya swala ya Isha wakibishana juu ya Sultani. Mmoja atasema Sultani alikuwa mkoloni aliyekalia shingo za watu mpaka siku alipopinduliwa. Mwingine atasema nchi ilikuwa na neema, amani na dini, kisha ikaharibiwa. Kahawa itakwisha, kashata zitakwisha, na kila mmoja atarudi kwake na alichokuja nacho.

Tatizo la mjadala huo ni kwamba wengi wanaobishana hawamjui Sultani wanayemzungumzia. Aliyepinduliwa mwaka 1964, Sayyid Jamshid bin Abdulla, alikuwa amekaa kwenye kiti miezi sita na siku chache tu. Sultani ambaye babu na bibi zetu waliishi chini ya jina lake ni babu yake Jamshid, yaani Sayyid Khalifa bin Harub, aliyekalia kiti kuanzia Desemba 9, 1911 hadi Oktoba 9, 1960. Hiyo ni miaka 48 na miezi kumi. Asichanganywe na Sayyid Khalifa bin Said, aliyetawala kabla yake kati ya mwaka 1888 na 1890, ambaye ndiye aliyewakodisha Wajerumani mrima huu wa kwetu.

Katika uhai wa Khalifa bin Harub ndipo ufalme wa Unguja ulipogeuka kidogo kidogo kuwa serikali ya mabaraza, kisha serikali ya uchaguzi na bunge. Swali ambalo mara chache huulizwa ni hili: mamlaka yalipotoka kwenye mkono wa Sultani, yalikwenda kwenye mkono wa nani? Anayedhani yalikwenda moja kwa moja kwa wananchi ataisoma historia ya Zanzibar kinyumenyume. Maisha ya mzee huyu yanatupa jibu.

Kijana kutoka Maskati

Khalifa alizaliwa Maskati, Oman, Agosti 26, 1879. Baba yake ni Harub, mtoto wa Thuwaini, na Thuwaini ni mtoto wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Unguja. Kwa hiyo Khalifa ni kitukuu cha Sayyid Said. Nasaba hiyo ikipandishwa juu zaidi inafika kwa Imam Ahmad bin Said, muasisi wa ukoo wa Busaidi katikati ya karne ya 18.

Jambo hili la Imam Ahmad si dogo. Katika madhehebu ya Ibadhi, Imamu hapatikani kwa kurithi, bali huchaguliwa na wanazuoni na wakuu wa watu, na akipotoka anaweza kuondolewa. Ahmad bin Said alipata cheo kwa njia hiyo. Waliomfuata ndio walioacha cheo cha Uimamu wakabaki na cheo cha Sayyid, na utawala ukawa mali ya ukoo, baba kwa mwana na ndugu kwa ndugu. Kwa hiyo ufalme wa Unguja wenyewe ulianza kwa kuacha shura.

Khalifa aliletwa Unguja mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka kama 14. Mwaka huo huo ami yake, Hamad bin Thuwaini, alikuwa amekalia kiti. Lakini kiti chenyewe hakikuwa tena kile cha Sayyid Barghash. Barghash alikuwa akikaa barazani na kusikiliza mashitaka ya watu kwa masikio yake mwenyewe. Alikuwa na hazina yake, jeshi lake na kauli yake. Mwaka 1890 Unguja ikawa nchi chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1891 Waingereza wakaweka serikali yenye Waziri Mkuu wao, Lloyd Mathews, na mapato ya nchi yakatolewa mkononi mwa Sultani. Tangu hapo Sultani akawa anapewa posho maalumu, mfano wa mshahara. Mwenye nyumba akawa analipwa na mgeni.

Asubuhi ya Agosti 27, 1896

Hamad alifariki ghafla Agosti 25, 1896. Khalid, mtoto wa Sayyid Barghash, akaingia katika jumba la mfalme akajitangaza kuwa Sultani bila kuwataka ruhusa Waingereza. Asubuhi ya Agosti 27 manowari za Kiingereza zikalipiga jumba kwa mizinga. Kwa hesabu ya wengi mapigano hayo yalichukua dakika 38 hivi, na waliokufa na kujeruhiwa upande wa jumba wanakadiriwa kufika 500. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, na kutoka hapo akaletwa hapa Dar es Salaam, ambako aliishi hadi Waingereza walipomkamata katika Vita Kuu ya Kwanza na kumpeleka uhamishoni.

Khalifa alikuwa ametimiza miaka 17 siku moja tu kabla ya mizinga hiyo. Kijana wa umri huo, mwenye damu ya kifalme, aliona kwa dhahiri nini kinampata mtu wa ukoo wake anayejitwalia kiti mwenyewe. Haitakuwa ajabu kama funzo hilo lilimkaa maisha yake yote. Khalid alichukua njia ya mabavu, akakaa kwenye kiti kwa siku mbili. Khalifa alichukua njia ya subira, akakaa kwenye kiti karibu nusu karne.

Waingereza wakamweka Hamud bin Mohammed. Mwaka 1897 Hamud alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Mwaka 1900 Khalifa akamuoa Bibi Matuka, binti wa Sultani huyo. Hamud alipofariki mwaka 1902, alirithiwa na mwanawe Ali, kijana aliyesomeshwa Uingereza. Kwa kuwa Ali alikuwa bado mdogo, Waziri Mkuu wa Kiingereza aliendesha nchi kwa niaba yake hadi mwaka 1905. Ali hakuridhika na kiti kisicho na kauli. Mwaka 1911 alikwenda Ulaya, akajiuzulu huko huko, na hakurudi tena kutawala. Waingereza wakamtazama shemeji yake, mtu mpole, mtulivu, mwenye dini na asiye na makuu. Ndivyo Khalifa bin Harub alivyopata kiti, akiwa na umri wa miaka 32.

Jumba likawa ofisi

Mwaka ule ule wa 1911, Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash kuonyesha utukufu wa dola yake, liligeuzwa kuwa ofisi za serikali ya Kiingereza. Sultani alikaa katika jumba la jirani. Bendera nyekundu iliendelea kupepea, hata kule Mombasa, ambako ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa mali yake. Lakini mafaili yalikuwa mlango wa pili.

Mwaka 1913 Unguja ilihamishwa kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikakabidhiwa Wizara ya Makoloni. Kwa jina ilibaki nchi ya Sultani, kwa vitendo ikawa inaendeshwa kama koloni. Vyeo vya Konseli Mkuu na Waziri Mkuu viliunganishwa kuwa cheo kimoja cha Balozi Mkazi wa Kiingereza, na hadi mwaka 1925 Balozi huyo alikuwa chini ya Gavana wa Nairobi. Mwaka 1914 likaundwa Baraza la Himaya. Sultani alikuwa mwenyekiti, Balozi makamu wake, na kazi ya baraza ilikuwa kushauri tu. Ukitazama viti, Sultani yuko juu. Ukitazama nani anaamua, utamkuta makamu.

Mwaka huo huo vita vikazuka. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha ile ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Dola ya Uthmaniya ilipoingia vitani upande wa Wajerumani na kutangaza jihadi, Waislamu wa Afrika Mashariki wakajikuta njia panda. Huku bara Wajerumani waliutumia wito huo kuwavuta Waislamu. Kule Unguja Sayyid Khalifa aliwaandikia Waislamu kuwataka wawe watiifu kwa Waingereza. Ndugu msomaji anaweza kumlaumu au kumtetea, lakini ajue kwamba mtu aliyeiona asubuhi ya mwaka 1896 hakuwa na njia nyingi. Vita hivyo viliwala maelfu ya wapagazi Waafrika ambao hawakuulizwa walitaka kumpigania nani. Jina la Kariakoo, tunalolitaja kila siku, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao.

Baraza la mwaka 1926

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1926, yalipoundwa Baraza la Utendaji na Baraza la Kutunga Sheria. La kwanza liliongozwa na Sultani. La pili, lenye kutunga sheria za nchi, liliongozwa na Balozi wa Kiingereza. Maofisa wa serikali walikuwa wengi kuliko wasio maofisa. Wasio maofisa walikuwa sita, na wote waliteuliwa, hakuna aliyepigiwa kura: Waarabu watatu, Wahindi wawili na Mzungu mmoja.

Hesabu hiyo ina maana kubwa. Waafrika na Washirazi, ambao ndio waliokuwa wengi wa watu wa visiwa, hawakupewa hata kiti kimoja. Walingoja miaka 20. Ni mwaka 1946 ndipo Sheikh Ameri Tajo alipoteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuingia barazani humo. Kiti hakikutolewa kwa mtu wa Makunduchi au Wete kwa kuwa ni raia. Kilitolewa kwa kabila, na kila kabila likafundishwa kuhesabu viti vya jirani yake. Mtu aliyekuwa akijiita Mwislamu wa Unguja akajikuta katika daftari la serikali ni Mwarabu, Mshirazi au Mwafrika, na daftari hilo ndilo lililoamua nani atasemewa na nani hatasemewa.

Sheria zilizotoka ziliitwa amri za Sultani, lakini hazikuwa na nguvu mpaka Balozi aweke saini yake. Mfano mzuri ni sheria za mwaka 1934 zilizogusa madeni ya wenye mashamba na biashara ya karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi walizipinga, na mwaka 1937 wakasusia kununua karafuu, mgomo ulioyumbisha uchumi wa nchi. Lawama zikapita baina ya Mwarabu na Mhindi, wakati kalamu iliyoandika ilikuwa ya mtu wa tatu.

Tusijidanganye lakini kwamba ubaya wote ulitoka London. Utajiri wa karafuu ulijengwa kwa jasho la watumwa, na watumwa walipopata uhuru hawakupata ardhi. Wengi walibaki kama wakaazi katika mashamba ya watu, wakilima chini ya mikarafuu kwa hisani ya mwenye shamba. Sayyid Khalifa hakuliasisi jambo hilo, na hakulifuta pia. Tena ukoo wake wenyewe uliwahi kufanya kile walichofanyiwa na Waingereza. Unguja ilikuwa na mtawala wake wa asili, Mwinyi Mkuu, mwenye makao Dunga. Masultani hawakumwondoa. Walimwacha na cheo na heshima huku mamlaka yakihama taratibu, mpaka Mwinyi Mkuu wa mwisho alipofariki mwaka 1873. Miaka 20 baadaye, zamu ya Sultani ilikuwa imekwisha fika.

Mtu na heshima yake

Pamoja na hayo, itakuwa dhulma kumweleza Sayyid Khalifa kama kivuli tu. Watu walimheshimu, na heshima hiyo haikuwa ya kulazimishwa. Yeye alikuwa Ibadhi akitawala nchi ambayo Waislamu wake wengi ni Shafii, na hakuwahi kuifanya tofauti hiyo kuwa fitna. Nchi ilikuwa na makadhi wa Kiibadhi na wa Kishafii, kila mtu akienda kwa kadhi wake. Katika zama zake Unguja ilikuwa bado kisima cha elimu ambacho watu walikiendea kutoka Lamu, Ngazija na mrima wetu. Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, walimu wa walimu wetu, wote walifariki mwaka 1925 wakiwa wameacha wanafunzi pwani nzima. Mwaka 1951 ilianzishwa Muslim Academy, ambayo baadaye iliongozwa na Sayyid Omar Abdallah, maarufu Mwinyi Baraka. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qur'an imo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, ni tunda la mji huo huo na zama hizo hizo.

Hata hapa hali ilikuwa ya kupunguzwa kidogo kidogo. Mahakimu wa Kiingereza walikaa katika mahakama zilizoitwa za Sultani, na mamlaka ya makadhi yakabanwa mpaka yakabaki ndoa, talaka, mirathi na mambo yanayofanana na hayo. Msomaji wa Tanzania Bara aliyeufuatilia mjadala wetu wa Mahakama ya Kadhi, kuanzia ahadi ya ilani ya mwaka 2005 hadi muswada uliokwama mwaka 2015, ataona kwamba kubishania mipaka ya kadhi hakukuanza jana.

Waingereza walijua thamani ya heshima aliyokuwa nayo mzee huyu, wakaitumia. Walimpa nishani zao kubwa kubwa. Mwaka 1936 alipotimiza miaka 25 ya utawala, pale Forodhani ikatengenezwa bustani ya jubilei. Alialikwa London katika sherehe za kutawazwa wafalme wao. Mizinga ilipigwa kwa kumtukuza. Wazee wa pwani humsema mtu kuwa amevishwa kilemba cha ukoka pale anaposifiwa na kutukuzwa ili asiulize kilicho chake. Kwa bahati mbaya, sina maneno mengine ya kukieleza kilemba alichovishwa Sayyid Khalifa. Kosa la kilemba hicho ni la aliyekifunga kabla ya kuwa la aliyekivaa.

Raia waanza kudai

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa chini walianza kusema. Mwaka 1948 wachukuzi wa bandarini waligoma na mji mzima ukasimama. Mwaka 1951 wakulima wa Kiembe Samaki walikataa amri ya kuchanja ng'ombe wao. Viongozi wao walifungwa, watu walipojaribu kuwatoa polisi wakapiga risasi, na watu wakafa. Wakulima wa huko ndio walioanzisha chama kilichojiita cha raia wa Sultani wa Zanzibar, kilichokuja kuwa Hizbu, yaani ZNP, mwaka 1955. Tazama jina lile. Mkulima aliyekuwa akigombana na serikali hakuona kwamba anagombana na Sultani. Alitumia jina la Sultani kumkabili Mwingereza.

Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishitakiwa kwa uchochezi kutokana na makala za gazeti lao la Al-Falaq. Wajumbe wa Kiarabu wakasusia Baraza la Kutunga Sheria, wakitaka uchaguzi ambao watu wote watapiga kura katika daftari moja bila kutengwa kwa kabila. Waafrika wengi walikuwa na shaka na haraka hiyo. Waliogopa kwamba uhuru ukija mapema, wenye elimu na mashamba ndio watakaoushika. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na hakukuwa na chombo walichokiamini wote cha kuzipatanisha.

Mwaka 1956 mpango mpya ukaanza kutumika. Sultani alitolewa katika uongozi wa Baraza la Utendaji, akaundiwa baraza la washauri wake. Kwa lugha nyepesi, alipandishwa juu ili asiwe ndani. Julai 1957 ukafanyika uchaguzi wa kwanza katika historia ya visiwa hivyo. Vilivyogombewa ni viti sita tu. Wanawake hawakupiga kura, na mwanaume alipaswa kutimiza masharti ya umri, elimu au mali. Walioandikishwa walikuwa karibu watu 40,000, katika nchi ya watu wapatao laki tatu. Wagombea wa Afro-Shirazi na waliojiunga nao walipata viti vitano, na Hizbu haikupata hata kimoja. Ng'ambo, Abeid Karume alimshinda kwa mbali Sheikh Ali Muhsin Barwani.

Sayyid Khalifa alikuwa na miaka 77. Aliyemwona Barghash akikumbukwa kama mfalme mwenye kauli, sasa aliona mchukuzi na mvuvi wakipanga mstari kumchagua mtu wa kuwasemea. Hakuzuia. Lakini aliona pia yaliyofuata: zama za siasa. Watu walisusiana maduka na mabasi. Wenye mashamba waliwafukuza wakaazi waliopigia kura upande mwingine. Likafika jambo zito kuliko yote kwa Waislamu, pale waliokuwa wakiswali safu moja walipoanza kugomeana mazishi.

Kiti chabaki, mtu aondoka

Oktoba 9, 1960, Sayyid Khalifa bin Harub alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 81. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Alirithiwa na mwanawe Abdulla, mtu aliyekuwa mgonjwa, ambaye naye alifariki Julai 1, 1963, na kiti kikamfikia Jamshid.

Baada ya mzee kuondoka, hatua zilizochukua miaka 50 zilifuatiwa na nyingine zilizokwenda mbio. Januari 1961 ulifanyika uchaguzi wa viti 22, na safari hii wanawake walipiga kura. Matokeo yakagawanyika nusu kwa nusu, serikali ikashindikana. Kikaongezwa kiti kimoja, uchaguzi ukarudiwa Juni, na fujo zilizotokea ziliua watu 68. Julai 1963 ulifanyika uchaguzi wa viti 31. Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13. Hizbu ilipata viti 12 na ZPPP sita, vyama hivyo viwili vikaungana, vikaunda serikali chini ya Sheikh Mohammed Shamte. Desemba 10, 1963 Zanzibar ikawa huru: Sultani mkuu wa nchi kwa heshima, Waziri Mkuu mwenye serikali, Bunge lenye kutunga sheria. Katika karatasi, safari kutoka ufalme kwenda bunge ilikuwa imekamilika.

Ilidumu siku 33. Januari 12, 1964 serikali hiyo ilipinduliwa, na damu nyingi ya Waislamu ilimwagwa na Waislamu wenzao na wengineo. Jamshid aliondoka kwa meli yenye jina la babu yake, Seyyid Khalifa. Mombasa ilikataa kumpokea, akashukia hapa Dar es Salaam kabla ya kupelekwa Uingereza. Alifariki Oman Desemba 30, 2024. Mji huu ambao Sayyid Majid aliuanza miaka ya 1860 umepokea watu wawili wa ukoo wake waliokikimbia kiti: Khalid mwaka 1896 na Jamshid mwaka 1964. Maisha ya utu uzima ya Khalifa bin Harub yamo katikati ya safari hizo mbili.

Tunajifunza nini?

Kwanza, jibu la swali letu. Mamlaka ya Sultani hayakuchukuliwa na wananchi. Yalichukuliwa na Mwingereza kuanzia mwaka 1890, yakakaa kwake zaidi ya miaka 60, kisha yakarudishwa kwa haraka katika mikono ya vyama ambavyo havikuwahi kuzoezwa kukaa pamoja. Anayesema Sultani alikuwa na nguvu zote hadi 1964 amekosea. Na anayesema alikuwa baba wa wote, bila kutaja kwamba wengi wa watoto hao hawakuwa na kiti wala shamba, naye amekosea.

Pili, baraza peke yake si shura. Katika Surat Ash-Shura, aya ya 38, Allah (SW) amewasifu waumini kwamba mambo yao huendeshwa kwa kushauriana baina yao. Kushauriana huko kunawahusu wenye mambo. Baraza ambalo mjumbe anateuliwa na anayemkagua, ambalo wengi wa nchi hawamo, ambalo kiti kinatolewa kwa kabila, lina umbo la shura bila roho yake. Kuliita baraza hakukuligeuza, kama ambavyo kumwita mtu Sultani hakukumpa kauli.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, amani iliyoegemea heshima ya mzee mmoja ni amana ya muda. Khalifa alipokuwa hai, kila upande ulimwonea haya. Alipoondoka, hapakuwa na mahakama, tume wala baraza ambalo pande zote zililionea haya kama yeye. Mwenye asilimia 54 ya kura alipokosa serikali hakuwa na mahali pa kupeleka shauri lake akaamini atasikilizwa.

Zanzibar ya leo ina Baraza la Wawakilishi tangu mwaka 1980 na vyama vingi tangu 1992. Tumeona malumbano ya matokeo mwaka 1995 na 2000, tumeona watu wakiuawa Januari 2001, na tumeona uchaguzi ukifutwa mwaka 2015. Tumeona pia mwaka 2010 Wazanzibari wapatao theluthi mbili ya waliopiga kura wakikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, jambo ambalo lingewafaa sana babu zao mwaka 1963. Kwa hiyo somo hili si la makumbusho. Hata sisi wa bara, katika misikiti yetu, jumuiya zetu na mitaa yetu, tunao wazee wenye heshima ambao kila jambo linategemea uhai wao, na tunazo kamati ambazo wajumbe wake huitwa kupitisha yaliyokwisha amuliwa. Tuwaheshimu wazee hao, lakini tujenge utaratibu utakaobaki wakishaondoka.

Allah amrehemu Sayyid Khalifa bin Harub, awarehemu wote waliouawa katika fitna ya visiwa vile, wa kila asili na kila chama, na atujaalie tuwe watu wa kushauriana kwa kweli. Amin. Wallahu aalam.